Ringi Yangu Iko Juu Kidogo Tu

Jumanne, 3 Juni

Siku ya Mashahidi. Uganda nzima iko Namugongo inasali, na polisi wetu wako huko huko wanailinda isali. Kambi tupu. Nimebaki mimi, mashine yangu ya kuchomelea, na kuku.

Akwero amevunja rekodi! Mtoto wa kambi hii hii ya Nakawa, binti wa Sajini Adoch. Hakuna msichana aliyewahi kufunga pointi nyingi kama zake katika ligi ya kikapu ya vyuo. Juzi chuo chake kilimfanyia sherehe kule Wandegeya, kikampa kibao cha kioo. Mama yake, Sajini huyo, hakuwepo. Alikuwa zamu. Hajawahi kumwona binti yake akicheza hata mechi moja, maana mechi huchezwa wikendi na sikukuu, na sikukuu ya watu ni zamu ya polisi.

Wiki ijayo Akwero anakwenda Kigali kuchezea klabu ya kulipwa. Nikasema hapana, mtoto haondoki hivi hivi kama mgeni aliyelala. Jumatatu ni Siku ya Mashujaa. Kambi itampa heshima yake hapa hapa, mbele ya mama yake, kwenye ringi aliyoanzia.

Na ringi hiyo aliitundika nani? Mimi, Okidi! Rimu ya gurudumu la pikapu ya doria iliyokufa. Nikaitoboa katikati, nikaichomelea kwenye nguzo. Nimeendesha magari Juba, nimeendesha Mogadishu risasi zikiimba. Ringi ni kitu gani?

Uenyekiti wa sherehe sijajipa. Kiti kilikuwa wazi tu, nikakaa.

Jumatano, 4 Juni

Khisa! Mkenya huyu wa Bungoma anauza jezi na raba soko la Nakawa, amepanga nyuma ya ukuta wetu, basi anajiona mzaliwa wa kambi. Kaja na futi, kapima ringi yangu mbele za watu. Akatangaza kwamba iko juu kuliko kanuni, karibu urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, tena imebana hata mpira unapita kwa kuomba ruhusa. Atatoa ringi mpya ya dukani, yenye jina la duka lake, na yangu ataipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Watu wakacheka. Nikawaeleza kitaalamu kwamba Kampala ni mji wa vilima, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ringi lazima ipande. Akauliza nimejifunza wapi hayo. Nikamwambia Mogadishu. Akasema Mogadishu iko pwani. Mtu wa kubishana tu huyu.

Ukweli ni kwamba niliichomelea nikiwa nimesimama juu ya paa la gari. Kule juu ilikuwa usawa mzuri kabisa, usawa wa kifua. Gari lilipoondoka ndipo ringi ikaonekana imepaa. Hilo ni kosa langu au la gari?

Alhamisi, 5 Juni

Mpango! Khisa hawezi kuipeleka ringi yangu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kama nimeshaing'oa mwenyewe. Nitaipaka rangi ya dhahabu, nimkabidhi Akwero kama kombe. Wazo kubwa. Wakati mwingine najishangaa.

Nimeikata nguzo mchana kwa grainda. Nilipiga hesabu itaangukia kaskazini. Imeangukia kamba ya nguo ya mke wa Afande OC, mkuu wetu wa kambi. Sare ya Afande ya gwaride, iliyofuliwa kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, imepata tundu begani, pale pale panapokaa nyota. Mama huyo alinitazama kama mtu anayekariri uso.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Mke wangu Zulaika ni Mwislamu. Mimi ni Mkatoliki, nikipata nafasi. Shemeji alileta kondoo dume. Mimi nilikuwa nimeianika ringi uani, rangi haijakauka. Kondoo akaipenda. Akatia kichwa.

Tumechinja kondoo mwenye pembe za dhahabu. Shehe aliuliza kama ni desturi ya kwetu, ya Kiacholi. Nikasema ndiyo, ya zamani sana.

Zulaika haongei nami, lakini amenipa ini. Ndoa iko hai. Ringi nimeipaka upya.

Jumamosi, 7 Juni

Khisa amesimamisha ringi yake palipokuwa na yangu. Nyeupe, ina wavu, iko chini. Kila anayerusha anafunga! Hata mpishi wa mesi amefunga, na sufuria mkononi. Ringi ambayo kila mtu anafunga si ringi. Ni ndoo.

Halafu habari mbaya. Zamu zimetoka: Jumatatu Sajini Adoch yuko getini, siku nzima. Nikaenda kwa Afande OC kumwombea ruhusa, hata ya nusu saa. Akaniuliza kuhusu bega la sare yake. Nikaanza na Mogadishu. Akasema hakuna atakayeachiwa zamu, na nishukuru kwamba bado nalala kambini.

Nilirudi kupitia getini. Sajini alikuwa ameshasikia. Hakunilaumu. Aliweka sawa mkanda wa bunduki, akasema, "Okidi, wacha tu. Mimi nimezoea kusimuliwa."

Ugali wangu niliwapa kuku. Mimi, Okidi, kuwaachia kuku ugali!

Jumapili, 8 Juni

Padri alikuwa katikati ya mahubiri nilipopata jibu. Kama Sajini hawezi kuacha geti, ringi iende getini. Kuna nguzo ya taa pale. Tatizo, nisimame juu ya nini? Mwenye pikapu ni Khisa peke yake.

Nikamwendea. Sikuomba, nilimpa nafasi ya kutumikia jamii. Alicheka mpaka akaushika ukuta. Nilipomweleza habari za Sajini Adoch akachukua funguo. Akasema mama yake mwenyewe, kule Bungoma, hajawahi kuliona duka lake.

Konstebo wa zamu aliamua kuangalia barabara. Nikapanda juu ya paa. Khisa akawa chini na futi yake, anapiga kelele nishushe, nishushe tena. Nikamjulisha kwamba juu ya gari mkuu ni mmoja. Nimeichomelea usawa wa kifua. Kamili!

Pikapu ikaondoka. Khisa alitazama juu muda mrefu, akaikunja futi yake.

Jumatatu, 9 Juni

Akwero alifika kwa boda, begi la safari mgongoni. Afande OC alikuwa ameenda kwenye gwaride la kitaifa, sare imeshonwa. Khisa akahutubia, akamkaribisha kwenye ndoo yake nyeupe. Akwero akarusha. Mpira ukapita juu ya kila kitu, ukaangukia bustani ya sukumawiki. Akauliza ringi yetu iko wapi. Mtoto yule ni mrefu. Alitazama juu ya vichwa vyetu, akaona dhahabu getini.

Tukamfuata wote. Sajini Adoch alikuwa amesimama, bunduki kifuani, macho mbele kama sheria inavyotaka. Akwero akaitazama ringi, akacheka.

"Anko Okidi," akasema, "nilipofika chuoni nilikuta ringi ziko chini, tena pana. Nilidhani wananionea huruma."

Nikamgeukia Khisa. Sikusema kitu. Nilisema tu, "Vilima."

Mpira wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili ukagonga taa. Hapo gari la Afande OC likafika nje, likapiga honi. Kazi ya Sajini ni kuinua kizuizi. Hakuinua. Bila kugeuza shingo akasema, "Kiwiko, Akwero. Kiwiko ndani."

Wa tatu ukaingia. Haukugusa chuma.

Sajini akapiga buti chini, akapiga kitako cha bunduki kwa kiganja. Saluti kamili, ile wanayopigiwa maafisa, macho kwa binti yake. Na Afande OC, ndani ya gari, akadhani ni yake, akaipokea. Akarudisha saluti. Hakuna aliyemsahihisha.

Khisa alifuta macho, akasema ni vumbi. Vumbi la Nakawa ni baya. Mimi pia liliniingia.

Jumanne, 10 Juni

Akwero yuko kwenye basi la Kigali. Afande OC ameamuru ringi itoke kwenye nguzo ya taa kabla ya saa sita. Nimetii. Mimi ni mtu wa nidhamu.

Lakini tutumie akili. Ringi iliyopanda mkono mmoja tu imetoa mvunja rekodi. Sasa mnara wa tangi la maji, pale nyuma ya mesi, utatoa nini? Zulaika anasema utatoa mgonjwa wa hospitali. Khisa anasema safari hii tupime kwanza. Maskini. Nimemwambia alete pikapu, futi aiache nyumbani.