Mguu wa Mama Bernadeta

Jumatatu, 4 Julai 1994

Baridi. Ukungu umelala ziwani, hata visiwa havionekani. Gari limezima tena, mara ya kwanza mbele ya uwanja wa mpira Kirumba, mara ya pili njia ya Pasiansi. Kwenye usukani alikuwa Mama Bernadeta Kashindye, mchuuzi wa sangara pale soko la Mwaloni, mwanamke wa kuamrisha wanaume na wakaamrika. Nikamwambia ni mguu wake, anaachia klachi kwa pupa. Akabisha. Eti mguu ulikuwa umetulia sakafuni. Nikamuuliza nani mwalimu hapa. Akapiga stata.

Humu nitaandika ukweli, maana humu hasomi mtu. Mguu hauna kosa. Gari linazima lenyewe, tangu baridi ianze. Asubuhi tu. Linakwenda vizuri mwendo mfupi, linaanza kukohoa, linakufa. Unangoja kidogo, unapiga stata, linawaka kama halikuwa na neno.

Nifanyeje? Ushirika wa pamba uliponipunguza kazini mwaka juzi, kiinua mgongo chote kiliingia kwenye gari hili. Shule ya Udereva Songa Mbele ina gari moja, mwalimu mmoja na mkurugenzi mmoja, na wote ni mimi. Mwanafunzi akijua gari ni bovu, atakwenda kwa Malimi. Akidhani ni mguu wake, ataongeza vipindi. Hesabu rahisi.

Malimi huyo alikuwa utingo wangu ushirikani. Nilimfundisha kufunga turubai. Leo ana shule ya udereva, kibao kikubwa kuliko changu, na gari kutoka Dubai lenye redio. Ndiyo soko huria. Utingo anakuwa mkurugenzi na dereva anasukuma gari.

Jumatano, 6 Julai

Nimelipeleka gari kwa fundi Mayala. Jua lilikuwa limeshatoka. Injini ikaimba kama kwaya ya Pasaka. Mayala akasafisha plagi, akaangalia pampu, akapuliza mirija ya mafuta, akasema haoni ugonjwa. Nimletee mgonjwa akiwa anaumwa. Nikamweleza kwamba mgonjwa anaumwa alfajiri. Akasema alfajiri yeye amelala.

Nikapata akili. Kama baridi haipo, iletwe. Mayala alipokwenda kunywa chai, nikachota maji ya kisimani ndoo nzima nikaimwagia injini. Gari likakataa kuwaka kabisa. Mayala akarudi, akatazama tope chini ya gari, akatazama ndoo. Ameshinda mchana kutwa akikausha nyaya kwa kitambaa. Jioni akatangaza kwamba amegundua tatizo: maji yameingia kwenye mfumo wa moto.

Nimemlipa kwa kuondoa maji niliyoyamwaga mwenyewe. Nilishukuru na kuondoka.

Ijumaa, 8 Julai

Leo limezima katikati ya barabara, lori la samaki likiwa nyuma yetu. Dereva wa lori alisimama kwa miujiza, kisha akatoa kichwa dirishani akamtukana Mama Bernadeta matusi ya kutosha ukoo mzima. Mwanamke yule, ambaye nimemwona akimnyang'anya mwanamume mizani sokoni, akaweka kichwa juu ya usukani akalia.

Akaniambia mambo yake. Marehemu mumewe alimwachia pikapu. Amefukuza madereva wawili waliokuwa wakiuza samaki wake njiani na kumwambia wameoza. Kiwanda cha samaki kinataka mzigo alfajiri, na mwisho wa mwezi huu kama hana leseni yake mwenyewe, zamu yake watampa mwingine. Ana watoto watatu shuleni. "Mwalimu," akasema, "niambie kweli. Mimi nina akili ya kuendesha gari au sina?"

Hapo palikuwa na nafasi. Niliiona. Nikakohoa, nikamwambia akili anayo, tatizo ni tabia ya mguu. Nikamwagiza kila jioni aweke mto sakafuni, aukanyage na kuuachia polepole mpaka mguu uzoee. Akaitikia kama mgonjwa anayeandikiwa dawa.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu, Odeta, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Baba Kija, huyo mama mwambie ukweli." Nikamjibu kwamba ukweli hauna gari la Dubai.

Jumatatu, 11 Julai

Mpango mpya, safari hii wa kitaalamu. Kama injini inasikia baridi, ivalishwe. Nimeitoa blanketi ya Odeta, ile aliyopewa na mama yake kule Magu, nikaifungia chini ya boneti kabla ya kipindi. Tulikwenda vizuri mpaka karibu na soko. Kisha ukasikika mlio kama mtu anachana mashuka. Feni imeimeza blanketi. Mkanda umekatika, moshi umetoka, watu wamejaa.

Malimi akapita na mwanafunzi wake. Akasimamisha gari, akashuka, akaniamkia, "Shikamoo, Bwana Luhaga," kwa adabu ile inayochoma kuliko tusi. Akaniuliza kama blanketi ni sehemu ya mtaala. Wanafunzi wake wanajifunza kwenye kiti laini. Wangu wanajifunza kuzima moto.

Odeta ameyatandaza mabaki ya blanketi kwenye kamba pale ambapo kila jirani atayaona.

Ijumaa, 15 Julai

Siku ya mtihani. Nilimwomba afande anayetahini atuweke mchana. Nikamwambia Mama Bernadeta ana biashara asubuhi. Afande akasema leseni haingoji samaki. Tukawa wa kwanza, asubuhi, ukungu umetanda kila mahali.

Mama Bernadeta alikuja na viatu vipya, visivyo na kisigino, alivyonunua kwa ajili ya mguu. Alianza vizuri ajabu. Ishara alitoa, vioo alitazama, alimpisha mwendesha baiskeli mwenye mkungu wa ndizi. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikiomba kimyakimya. Kwenye mzunguko, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Afande akageuka nyuma. "Mwalimu, hili gari ni zima?"

Mama Bernadeta naye akanitazama kwenye kioo. Nikasema, "Zima kabisa, afande. Ni mguu tu."

Afande akaandika, akashuka, akatembea kwenda kwenye gari la Malimi lililokuwa likingoja zamu. Amefeli.

Nilitegemea alie. Hakulia. Alivuta kitasa cha boneti, akashuka, akaifungua. Nikamwambia aache, ataungua. Akafungua kwa vidole kifuniko cha chujio la hewa, akaingiza kidole kwenye koo la kabureta, akakitoa. Kwenye ncha palikuwa na kitu cheupe. Kikayeyuka tukikitazama.

"Mimi napakia samaki kwenye barafu kila siku ya Mungu," akasema. "Hii ni barafu, Mwalimu."

Nikamwambia kwamba barafu Mwanza inatoka viwandani, haioti kwenye magari. Akachukua mkoba wake akaenda zake kwa miguu. Nilipopiga stata, gari likawaka mara moja. Sikufurahi.

Jumamosi, 16 Julai

Nikaenda kwa Mayala ili anihakikishie kwamba yule mama ni mwongo. Badala yake akajipiga kofi kwenye paji la uso. Akaniuliza, ukipakwa spiriti kabla ya sindano, ngozi inasikiaje? Nikasema baridi. Akasema petroli nayo ikigeuka mvuke inapoza vivyo hivyo. Hewa ya asubuhi kutoka ziwani imejaa maji, hayo maji yanaganda kwenye koo la kabureta, injini inakosa pumzi. Ukisimama, joto la injini linayeyusha barafu na gari linawaka. "Na wewe unabaki unalaumu mtu," akamalizia. Sikuupenda mwisho wa maelezo yake.

Kisha akauliza, liko wapi lile bomba la bati linaloleta hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi? Kila gari la namna hii lilitoka kiwandani nalo.

Niliking'oa mwenyewe kitu hicho mwezi wa Mei. Dereva mmoja wa Shinyanga alinihakikishia kwamba injini ikivuta hewa ya baridi inakunywa petroli kidogo. Nikamwambia Mayala watakuwa wameiba.

Akakata kopo la mafuta ya kula, akalikunja, akalifunga kwa waya. Kazi ya muda mfupi tu.

Jumatano, 20 Julai

Tangu lifungwe kopo, gari halijazima hata mara moja. Ukungu, baridi, umande, linakwenda tu. Mtu mwingine angefurahi. Lakini Mayala ana mdomo. Kirumba nzima inajua kwamba barafu iligunduliwa na mchuuzi wa samaki, na kwamba mwalimu alikuwa akilaumu mguu. Shule yangu sasa inaitwa Shule ya Barafu. Mwenye duka la soda ameniuliza kama naweza kumpozea kreti moja. Wanafunzi wawili wamehamia kwa Malimi.

Mama Bernadeta naye alihamia. Jana amefaulu.

Leo asubuhi akasimamisha pikapu mbele ya kibao changu, imejaa sangara. Akaiacha injini ikinguruma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mguu wangu umepona."

Akasema kila jioni alikuwa akiukanyaga ule mto na kulia, wanawe wakimtazama, akijiona mjinga wa mwisho hapa duniani. Karibu auze pikapu ya marehemu. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nikamwambia nafurahi kwamba misingi niliyompa imemsaidia kwa Malimi.

Akaingiza gia, akaachia klachi taratibu, pikapu ikaondoka kama maji.

Misingi ile alipata wapi? Hakuna anayeuliza.

Ijumaa, 22 Julai

Nimefikiri sana. Kopo lile ndilo adui. Kila anayefungua boneti analiona, na kila anayeliona anajua yule mama alisema kweli. Kopo likiondoka, hadithi nayo imekwisha.

Nikalitoa jana. Leo asubuhi nikawaalika Mayala, Malimi na kila mwenye mdomo pale kijiweni waje washuhudie. Nikawaambia gari hili, bila kopo, litakwenda Kisesa hadi Bujora na kurudi bila kuzima. Likaenda. Likarudi. Halikukohoa hata mara moja. Nikawazungukia nikipiga honi. Malimi akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia.

Mayala peke yake akaharibu. Akasema leo hakuna ukungu, upepo ni mkavu, unatoka bara, na kabureta haigandi kwenye hewa kavu. Ningoje asubuhi yenye unyevu. Nikamwambia fundi aliyeshindwa hana haki ya kutabiri hali ya hewa. Akalichukua kopo kutoka kiti cha nyuma, akanikabidhi mkononi, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu cha msiba. Nililitupa kwenye jaa nikiwa njiani kurudi.

Odeta akauliza kwa nini. Nikamwambia heshima. Akasema heshima ingekuwa kwenda Mwaloni kumwomba radhi yule mama. Nikamwambia Mwaloni kunanuka samaki.

Jumatatu, 25 Julai

Ukungu umerudi, mzito kuliko wote. Na mwanafunzi mpya, Bi Dorcas, karani wa benki, mpole, mgeni mjini, hajasikia habari za barafu. Kahamishiwa hapa kutoka Tabora na amelipia kozi nzima mapema. Najua mbegu njema nikiiona.

Tulipofika kwenye mteremko wa Pasiansi, gari likakohoa mara mbili, likafa katikati ya barabara. Nyuma yetu pikapu ya samaki ikapunguza mwendo, ikatupita polepole, haikusimama. Aliyekuwa kwenye usukani sikumtazama.

Bi Dorcas akaniuliza kwa sauti ndogo kama ameharibu kitu.

Nilifikiri kidogo, kwa haki kabisa. Kisha nikamweleza kwamba ni kawaida kwa watu wa ofisini: wamezoea kukaa, miguu yao inakuwa mizito. Atahitaji vipindi vya ziada, labda vingi.

Akaomba radhi, mara mbili. Mwanafunzi mwenye adabu namna hiyo hujaliwi kila mwaka. Naona shule sasa inaanza kusimama.