Kushoto Ongeza Ngozi

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijawahi kumwambia mtu. Karatasi si mtu, kwa hiyo hata sasa sijamwambia mtu. Shairi langu la mwaka jana si langu.

Basi, nimeandika. Paa halijaanguka.

Ni la Babu, marehemu, aliyekuwa fundi viatu. Alikuwa na daftari la vipimo vya miguu ya wateja, na katikati ya vipimo alitunga tenzi. Nililikuta kwenye sanduku la nyundo na misumari yake. Nikanakili utenzi wa Nuhu na gharika, nikaupeleka kwenye mashindano ya vijana kanisani, nikashinda. Mama ni fundi cherehani. Cheti alikitia kwenye fremu, akakitundika juu ya cherehani yake, na kila anayekuja kupimwa mabega lazima asomewe.

Kuna baya zaidi. Nilinakili kwa pupa nikabeba na mstari usiohusika. Ilikuwa oda ya mteja: “Kushoto ongeza ngozi.” Una silabi nane kamili kama mistari mingine, ningejuaje? Mwinjilisti akauhubiri Jumapili nzima. Kushoto, alisema, ni upande wa mbuzi siku ya hukumu, na ngozi ni vazi alilovikwa Adamu. Watu walitikisa vichwa kwa kuguswa. Nami nikatikisa.

Leo kwenye mkutano wa vijana Mwinjilisti katangaza kisa cha mwaka huu. Akani, aliyeficha nyara za Yeriko chini ya hema lake, taifa zima likapigwa vitani kwa ajili yake, mpaka kura ikamwangukia. Tutunge, tusome Jumapili hii. Akasema wote tunamjua atakayetuletea kitu kizito. Akanitazama. Nikatazama viatu.

Hapo Spika akanyoosha mkono. Spika ni binti wa kiongozi wa kwaya, na jina hilo hakulipata kwa kunyamaza. Akapendekeza kila mtunzi asome kazi yake mwenyewe, kisha aulizwe maswali. Eti maneno yangu ya mwaka jana yalinuka kabati la wazee. Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa nguvu kuliko wote. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu kutunga mwenyewe. Kweli nimejaribu! Saa mbili, mistari mitatu. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na mimi ni bubu katika zote mbili. Wazo linanijia kwa lugha ya darasani, nikilihamishia kwa ya nyumbani linatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Nikafungua daftari la Babu, kutazama tu.

Akani yumo. Beti thelathini na moja, baada ya vipimo vya bwana mmoja mwenye nyayo bapa.

*Akani kaficha vazi*
*Lenye rangi na darizi*
*Akafukia kwa kazi*
*Hema lake sakafuni*

Nilisoma nikasahau kufunga mdomo. Lakini utenzi haujaisha. Ubeti wa mwisho Yoshua anamhoji:

*Yoshua kamwita: “Mwana,*
*Mpe utukufu Bwana*
*Sema, usifiche tena*
*Ulichofanya ni nini?”*

Kisha kurasa tupu. Akani hajibu. Ndizo kurasa hizi ninazoandikia sasa.

Mpango: nichukue beti zake zote, niongeze jibu fupi. Beti mbili tatu zangu kati ya thelathini na nne. Hapo shairi si litakuwa langu kiasi?

Daftari linalala chini ya mkeka. Nimetambua sasa hivi ni nani mwingine aliyeficha vitu sakafuni. Nimeamua kutolifikiria.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekamatwa.

Nilikuwa nakariri chumbani huku nikihesabu silabi kwa kitana kwenye ukingo wa kitanda. Nane, nane, nane, nane, natulia kidogo, naanza tena. Mlango ukafunguliwa. Bibi, na fimbo yake. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu, ila masikio yake ni balaa. Akakaa kitandani, akaniambia niendelee kupiga. Nikapiga. Akasema miaka arobaini alipika akisikiliza mdundo huo kutoka kibandani. Babu alitunga akigongomea soli. Msumari mmoja, silabi moja. Mistari minne ikiisha alitulia ili ajaze misumari mingine mdomoni.

Sikujua. Nilidhani kutulia pale ni kwangu.

Nikaanza kusema kwamba mwalimu wa lugha alitufundisha. Bibi akanikatiza, akauliza mwaka jana nilimtoa wapi yule mteja wa kushoto ongeza ngozi. Mguu wake ulikuwa umevimba, akasema, na viatu alirudisha mara mbili.

Mwaka mzima alijua! Alikaa kanisani, akasikiliza mguu wa mteja wa mumewe ukihubiriwa, akanyamaza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anasubiri mwenye mdomo aufungue.

Nililia kidogo. Yeye hakunibembeleza. Nikamuuliza tena kwa nini Babu hakumaliza.

“Alishindwa na watoto,” akasema. “Akani alipigwa mawe pamoja na watoto wake, mama. Babu yako alikuwa ndiyo kwanza amewapima miguu watoto wa jirani, viatu vya shule. Akaniambia hawezi kugonga msumari wa hapo.”

 Kule sebuleni cherehani ya Mama ilikuwa ikikimbia.

Hukumu ya Bibi: nimalize nilichoanza, na Jumapili nisimame niseme utenzi ni wa nani, huu na ule wa Nuhu. Mama asikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Nisipofanya, hatamwambia mtu, lakini yeye na mimi tutajua. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha hamu ya kula.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetunga. Mwenyewe! Sikuanza na lugha yoyote, nilianza na kitana.

*Nilichotwaa si changu*
*Ni cha marehemu wangu*
*Chini ya mkeka wangu*
*Na sifa zi mkononi*

Vina vinarudia neno moja mara mbili, mwalimu angekata alama. Lakini ni kweli tupu, na Akani ndiye anayesema, na mimi ndiye ninayesema. Watoto sikuwagusa. Baada ya jibu lake nimeacha pale pale.

Na hapo wazo likanijia. Kwani ungamo si hili? Nitakuwa nimeungama mbele ya kanisa zima, kwa vina! Sina haja ya kuongeza maneno mengine. Bibi ataridhika, Mama ataelewa taratibu, kwa wakati wake. Nimefurahi mpaka nimefagia chumba.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nilishindwa hata kufunga vifungo. Kuungama kwa vina ni vizuri, lakini ni lazima mtu asimame. Nikajifunga skafu shingoni, nikamnong'oneza Mama kwamba sauti imekauka. Akanisukutuza kwa maji ya chumvi mara tatu, na bado nikanong'ona. Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Akauliza kwa upole sauti imeenda wapi. Sikuweza kumjibu, kwa kuwa sikuwa nayo.

Mwinjilisti akampa Spika anisomee. Nikasema moyoni vizuri, hukumu ipite mdomoni mwake.

Jamani, alisoma! Yule mtu ana kipaji, lazima nikiri. Alipofika “Nilichotwaa si changu” alishika kifua, machozi yakamtoka.  Nikamtazama Mama. Alikuwa analia pia. Nikajua ameelewa.

Makofi.

Mwinjilisti akasimama akafafanua. Marehemu ni watu wa Yeriko, walioangamia mali yao ikabaki. Mkeka ni unyenyekevu. Sifa mkononi ni dhahabu, ambayo haina uzito mbele za Mungu. Akasema katika miaka yake yote hajasikia mwenye dhambi akisemewa kwa ukweli hivi. Nafasi ya kwanza. Mama alilia kwa sababu, aliniambia, anafurahi kuzaa mtu mwenye akili ya kubuni vitu kama hivyo.

Niliungama mbele ya watu mia mbili na hakuna aliyesikia. Mmoja tu. Njiani kurudi Bibi alinishika mkono, Mama akiwa mbele yetu na cheti.

“Ubeti wako ni mzuri,” akasema. “Babu yako angeupenda. Lakini Akani alipoulizwa, mjukuu wangu, alijibu kwa maneno ya kawaida.”

 Ningeona nafuu kama angenipiga fimbo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefikiri sana. Bibi ana haki. Nitamwambia Mama, tena kwa maneno ya kawaida. Suala ni namna ya kuyapanga. Nimeona njia bora ni utenzi mfupi wa kisa cha Yona, aliyetumwa kusema neno moja akapanda chombo cha upande wa pili. Beti ishirini hivi. Mama akiupenda, ubeti wa ishirini na moja utakuwa wa kawaida.

Leo Spika alinisubiri getini mwa shule. Hakuwa na kejeli. Akasema ule ubeti wa mkeka haukumwacha alale, akaniomba nimfundishe kutunga. Nikamwonyesha kitana: silabi moja, pigo moja, mistari minne, kisha tulia. Akashangaa sana. Akauliza nani alinifundisha.

Nikamwambia nimeibuni mwenyewe.

Ilinitoka tu! Nitairekebisha kwenye Yona.

Cherehani imenyamaza. Mama anataka kutundika cheti cha pili chumbani kwangu, nimemsikia akimuuliza Bibi nyundo ya Babu iko wapi, na Bibi akimjibu kwamba aniulize mimi, nina mengi ya kumwambia. Kutoka cherehani hadi mlango wangu ni hatua nane. Nilihesabu zamani. Moja. Mbili, na fimbo nyuma yake. Mkeka umekwama chini ya mguu wa kitanda. Tano. Umetoka, ingia daftari, ingia. Saba