Utabiri wa Harusi ya Masereka

Jumatano, 19 Aprili
Butembo. Papa Paulin, mwenye nyumba wangu, anamwoza binti yake Jemima Jumamosi, kwao Masereka. Anataka kumwita Kahongya, yule mzuia mvua. Malipo: jogoo na bidoni ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Nimecheka, tena mbele ya Christa, mdogo wa bibi harusi. Huyo ndiye nitakayemwoa, baba yake akikubali. Jogoo wa nini, na mwalimu wa jiografia nipo? Nikawaeleza: jua hupasha bonde, hewa ya moto hupanda mlima, juu hupoa, mvuke wake unakuwa wingu. Papa Paulin akauliza basi itanyesha saa ngapi. Nikasema anipe siku moja.

Alhamisi, 20 Aprili
Siku ya tatu mfululizo mvua imeanguka saa tisa. Simu inasema Jumamosi ni asilimia ishirini tu. Nimetoa amri: misa saa nne, chakula saa tano na nusu, saa nane watu wamekwisha kushiba. Maturubai ya nini? Kahongya, ambaye anazuia mvua na papo hapo anakodisha maturubai, amefutwa. Aliniambia tu: "Mwalimu, mvua haisomake kitabu yako." Wivu mtupu.

Jumamosi, 22 Aprili
Saa sita kasoro. Mvua ya mawe. Wali ukawa uji, gauni la Jemima likawa tope, wakwe wakajibanza chini ya meza. Nilipima mawingu ya Butembo. Masereka iko juu zaidi, na kila kilima kule hujipikia mvua yake. Ninalijua hilo. Ninalifundisha! Kahongya alifika haraka mno, maturubai yamefungwa tayari kwenye pikipiki. Christa alimsaidia kuvuta kamba na hakunitazama hata mara moja. Imeniuma sana. Papa Paulin aliniambia kwa upole, mbele ya wakwe, nitafute chumba kwingine.

Jumatatu, 24 Aprili
Nimehamia kwa Gérard, mwalimu wa hesabu. Ndiye pekee aliyenipokea. Paa lake linavuja, na mkewe Mélanie amejifungua juzi. Asubuhi nimekagua mbingu: safi. Nikamwambia Gérard aezue mabati yote leo, hainyeshi hadi Alhamisi. Kosa la Masereka lilikuwa umbali. Hapa niko chini ya mbingu yenyewe. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Inaudhi, mtu kukosa imani na sayansi. Mabati yako chini, mtoto amelala. Upande wa Lubero kuna wingu jeusi. Linakwenda kwingine.