Suruali ya Puto

Jumatatu, 3 Juni

Mteja mmoja tu tangu asubuhi. Alitaka kuazima mkasi. Ng'ambo ya barabara, kwa Mkasi Moto, wateja wamejaa hadi kwenye benchi la nje. Mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kutunga uzi kwenye sindano! Leo ana cherehani ya umeme na kioo kirefu, na wateja wangu wa zamani wakipita wananipungia mkono kwa huruma. Sitaki huruma. Nataka suruali za kukata.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amepita jioni. Anauza mabeseni. Amesema kibanda kikinishinda mwisho wa mwezi nisihangaike, kazi ipo kwake, ni kupiga beseni kwa fimbo na kuita watu. Alisema kwa upole. Ndiyo maana imeniuma zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Neema! Sarakasi imetua kwenye uwanja wa mpira, na inatafuta fundi wa kuwashonea wasanii nguo mpya za mwaka mzima. Kazi hiyo nikiipata, shemeji atapiga mabeseni yake mwenyewe.

Jumamosi, kabla ya onyesho, Chama cha Mashabiki wa sarakasi kitaingizwa nyuma ya pazia kuwasalimia wasanii. Nimejiunga leo. Mwenyekiti, ambaye ni muuza dawa, aliniuliza nampenda msanii gani zaidi. Nikasema wote. Akasema nitaje mmoja. Nikasema yule wa juu. Akatikisa kichwa kwa heshima, nimepita.

Mke wangu ameuliza kwa nini nisiende tu kuomba kazi kama watu wengine. Hana habari na mikakati.

Alhamisi, 6 Juni

Mkasi Moto naye kajiunga! Tena kaja kwenye kikao na kofia alizowashonea mashabiki wote, bure. Watu wakampigia makofi. Yangu nimeipokea kwa shingo upande. Inanikaa vizuri sana, mshenzi yule.

Jumamosi, 8 Juni, alasiri

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo, nyuma ya pazia. Kumbe wasanii wasipojipaka rangi ni watu wa kawaida kabisa! Dada wa kutembea kwenye kamba anakata kucha za miguu. Mbeba vyuma analalamika mgongo na hataki mtu amguse. Mashabiki wamepanga foleni ya picha, muuza dawa analia machozi ya furaha.

Mkasi Moto kamganda Bimkubwa, mwenye sarakasi, mama mmoja mpana ambaye hajatabasamu tangu tuingie. Anamsifia koti, anamvisha kilemba cha ukoka mpaka naona aibu kwa niaba yake. Mimi sina maneno matamu. Mimi nina mikono.

Ndipo nikaiona. Suruali ya mistari, pana kama pazia, imetundikwa msumarini. Ni ya Puto, mchekeshaji wao. Jamani! Kiuno kimelegea, kifungo kimeshikwa na uzi mmoja, mshono wa pembeni haukukazwa hata kidogo. Mtu mzima anapanda jukwaani na kitu kama hiki! Roho ya ufundi imeniuma. Sindano ninayo kwenye kola, sikosi. Uzi nimechomoa kwenye kifurushi cha kushonea turubai. Nimerudia mshono hadi vidole vimekufa ganzi. Suruali hii sasa haianguki hata ikivutwa na trekta. Nitamwambia Bimkubwa baada ya onyesho, akishaona mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya balaa. Nieleze taratibu.

Kumbe inatakiwa ianguke! Ndiyo kazi yake! Puto anainama kuokota ua, suruali inateremka, ngoma inalia, watu wanacheka. Mashabiki wote walijua isipokuwa mimi. Jana aliinama. Ikabaki palepale. Akainama tena. Akaishika kiunoni akaivuta chini, ikagoma. Akaja dada wa kamba akavuta mguu mmoja. Wakaja wawili wengine wakavuta wa pili. Mwisho mbeba vyuma, pamoja na mgongo wake, akamwinua Puto kichwa chini na kumkung'uta kama gunia. Suruali haikusogea. Wakamtoa hivyo hivyo, miguu juu.

Sikusikia kama watu wanacheka au wanazomea. Nilisikia moyo wangu tu. Kisha Bimkubwa akaja kwenye viti vya mashabiki, uso umelowa machozi, akauliza kwa sauti nzito nani ameigusa suruali ya Puto. Nikaona kituo cha polisi. Nikaona mabeseni.

Nikamnyooshea kidole Mkasi Moto. Nikasema nilimwona kwa macho yangu mawili.

Mkasi Moto akaapa hajaigusa. Bimkubwa akamkumbatia. Akasema kwa miaka yote ya sarakasi hajawahi kucheka hadi kulia, na kazi ya mwaka mzima ni yake. Hapo Mkasi Moto akakumbuka kwamba, naam, alipitisha sindano kidogo.

Nikasimama nikasema ni mimi! Mkasi Moto akaniwekea mkono begani.

"Kaka, usijisumbue kunitetea. Nimeshasamehewa."

Watu wakanipigia makofi kwa moyo wangu mwema. Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Amesema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akazima taa.

Jumanne, 11 Juni

Nimeanza kwa shemeji. Beseni la bluu linalia vizuri kuliko jekundu. Nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 12 Juni

Mkasi Moto amekuja kwenye mabeseni! Amekonda. Bimkubwa anataka suruali mpya ya aina ile kwa onyesho la Ijumaa, na kila anayoshona yeye inachanika mara tu mbeba vyuma anapomwinua Puto. Akaniomba radhi, tena kwa adabu kabisa. Akasema nimwonyeshe mshono ule, aende kumweleza Bimkubwa ukweli, kisha kazi yote tugawane nusu kwa nusu. Mke wangu alikuwa ameniletea chakula. Alinikanyaga mguu nikubali.

Nikamwambia sina kinyongo, sitaki nusu, nitamfundisha bure. Akataka kunibusu mkono.

Mpango wangu huu sasa hauna hata tundu. Mshono niliomfundisha ni wa uongo mtupu, unaonekana mgumu lakini mtu akiinama tu unaachia. Ijumaa, mbele ya umati wote, suruali ya mchekeshaji itaporomoka hadi chini! Watu watamcheka mpaka wagaegae! Aibu ya namna hiyo Bimkubwa hataivumilia, na Jumamosi atakuja kunitafuta mimi.

Nimeshamwambia shemeji atafute mtu mwingine.