Bwana Shamba na Zulia la Samaki

Jumamosi kijiweni kwa Raudha, Kisarawe mjini, kahawa haijapoa, Husseini akainua simu juu. Huyu tunamwita Mubashara, maana habari haimkai tumboni.

"Wazee, dunia imekwisha! Kuna jamaa huko Asia kapewa tuzo kwa kuotesha majani ndani ya tangi la samaki. Mafupiii, yametanda chini kama zulia!"

"Samaki wanafuga ng'ombe?" akauliza Jumbe, fundi baiskeli.

"Acheni ushamba," nikasema. "Hata mimi ninayo nyumbani."

Hapo nikawa nimejichongea. Mimi ni Onesmo, afisa kilimo. Kijiwe kizima kinaniita Bwana Shamba, na hawajawahi kulitamka jina hilo bila kucheka.

Jumbe akaweka kikombe chini. "Wewe ambaye mchicha wako uliota ukaghairi?"

"Ule ulipigwa na ukame."

"Ulikuwa kwenye ndoo, Bwana Shamba!"

Raudha akacheka hadi birika likayumba. "Hebu tueleze, kaka. Yanapandwaje?"

"Unachomeka kamoja kamoja kwenye mchanga, kwa kibano."

"Kibano gani?"

"Cha mke wangu. Cha nyusi."

"Atupele anajua?"

"Alijua alipokikuta kina tope. Nilichomeka Jumapili nzima, mgongo ukakakamaa. Kesho yake nakuta majani yote yanaelea juu, yamesusa."

"Yalimjua aliyeyapanda!" Husseini akapiga paja.

"Nikarudia. Yakashika, ila yakawa manjano. Nikasoma mtandaoni kwamba yanataka ile hewa tunayoitoa puani. Mtungi wake bei mbaya, lakini kuna njia ya mkato: sukari, hamira na maji ya uvuguvugu kwenye chupa. Unafunga, kampira kembamba kanapeleka mapovu kwenye tangi."

Jumbe akakohoa. "Bwana Shamba, hiyo ni pombe."

"Ndivyo alivyosema mama mkwe."

Benchi zima likanisogelea.

Mama mkwe wangu ni mlokole hasa. Alikuwa ametoka Mbeya kuja kutusalimia wiki moja, na pua yake haikuhitaji hata hiyo wiki. Nikarudi kutoka kazini nakuta sebule imejaa wazee wa kanisa, mikono juu, wanaizunguka chupa yangu inayotoa povu nyuma ya televisheni.

"Ukawaambiaje?" akauliza Raudha.

"Nikawaambia ni ya majani."

Husseini akateleza kwenye benchi. "Majani! Mbele ya wazee wa kanisa!"

"Mama mkwe akapiga yowe: 'Kumbe na bangi anavuta!'"

Ilibidi ningoje wamalize kucheka. Jumbe alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa chenye grisi.

"Wakaniwekea mikono kichwani," nikaendelea. "Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Jamani, niliona haya. Mtu mzima, nimesomea kilimo, naombewa kwa ajili ya majani yenye urefu wa ukucha! Bahati nzuri Atupele akaingia, akawavuta hadi kwenye kioo wakaona mapovu yanakoishia. Mama mkwe akachutama pale, pua kwenye kioo."

"Na majani?"

"Yamekubali! Kijani tupu, chini hakuonekani mchanga. Mama anavuta kiti asubuhi, anayatazama hadi jioni. Televisheni haiwashwi, eti inawashtua samaki."

"Basi umeshinda, kaka," akasema Raudha.

"Nimeshinda nini, dada? Ile wiki imeingia mwezi wa tatu. Na kiti chenyewe ni changu."

"Ahaa!" Husseini akanyoosha kidole. "Ndiyo maana siku hizi unafika hapa kabla ya kahawa!"

Hapo simu yangu ikaita. Nikasimama wima.

"Shikamoo mama... Ndiyo mama... Hapana, hakuna shida mama... Karibuni sana mama."

Nikakata, nikakaa taratibu.

"Anasemaje?"

"Amewatumia dada zake picha za majani. Wote wanne wameshapanda basi la kuja huku."

Hakuna aliyecheka. Raudha akanijazia kikombe bila kuulizwa, na Jumbe akasogea mwisho kabisa wa benchi, akanipisha nijinyooshe.