Kutoroka kwa Mwarandu kwa Amri ya Serikali

Serikali tukufu, baada ya mashauri marefu, iliona kwamba raia wa pwani hawaiogopi jela ipasavyo, na kwamba dawa yake ni televisheni. Ikaamriwa, mwaka ule wa sitini na mbili, itengenezwe picha ya mapigano katika jela yetu ya Mjambere: mfungwa atoroke, Bwana Mkubwa wa jela, Mzungu, amkamate kwa mikono yake mwenyewe, raia waone na watetemeke. Mimi, Barakat bin Aqil, niliyekuwa nikiwasomesha wafungwa dini, niliteuliwa Mshauri wa Lugha.

Kazi haikuwa nzito. Bwana Mkubwa alikwisha tangaza kwamba amri yake haisahihishwi, hata akichanganya "funga" na "fungua", jambo alilolifanya kila siku ya Mungu. Langu lilikuwa kuthibitisha tu kwamba alilolisema ni Kiswahili.

Wa kutoroka alichaguliwa Mwarandu, mkwezi wa minazi, aliyetiwa ndani kwa kucheka Bwana Mkubwa alipokuwa akihutubia baraza.

"Maalim," aliniambia, "mke wangu Kache yu karibu kujifungua, na nyumbani hana mtu. Niombee ruhusa."

Nikamwombea. Bwana Mkubwa akafurahi sana.

"Mke nataka kujifungua mwenyewe? Mwanamke mzuri! Yeye jifungua kwake, mume jifungua hapa."

Nikathibitisha kwamba ni Kiswahili.

Mtambo wa picha ukaanza kuzunguka. Mwarandu, pingu mikononi, akachomoka; Bwana Mkubwa akamrukia, wakabiringishana hadi ndani ya seli, na vumbi likawa la kupendeza. Alipokwisha kumkalia kifuani, akamngurumia askari Matano:

"Mfungue! Upesi!"

Matano akanitazama. "Maalim, ni Kiswahili hicho?"

"Fasaha."

Akamfungua pingu. Mwarandu akasema, "Ahsante, bwana," akajichopoa, akatoka.

"Funga! Funga!" akapiga kelele Bwana Mkubwa, na mara hiyo, subhanallah, alipatia. Matano akaufunga mlango wa seli, Bwana Mkubwa yumo ndani.

Mlinzi wa lango alipouliza, nilishuhudia kwamba mtu huyu amefunguliwa na Bwana Mkubwa mwenyewe, mbele ya serikali na televisheni.

Mwarandu akaigeukia seli. "Bwana, mlango wataka *fungua*. Fu-ngu-a."

"Wewe mfungwa tafundisha mimi?"

"Mfungwa sasa ni nani, bwana? Haya, kwaheri. Kache aningoja."

Nikazikaribia nondo kwa adabu. "Bwana Mkubwa, waonaje nikikusahihisha kidogo?"

"Amri yangu hapana sahihisha! Funga!"

Matano akatia kufuli nyingine. Kila Bwana Mkubwa alivyozidi kughadhibika, ndivyo amri ilivyozidi kutekelezwa, hata kufuli za jela zikatuishia. Nilipoondoka kwenda kusali adhuhuri, Matano alikuwa ameshapanda baiskeli kuvuka kwa feri hadi Bofu, kwa shemeji yake, kuazima kufuli nyingine.