Barafu Ndani ya Chupa ya Chai

Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemjua. Aliingia tu dukani kwa dobi mchana wa jua kali, akasimama kati ya mashuka yaliyoning'inia kama mtu aliyefika kwake na kukuta wageni. Begani alikuwa na begi, mkononi chupa ya chai ya rangi ya fedha. Mjini walimwita Kipupwe. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa ameliacha mahali fulani, kama watu wanavyosahau mwavuli.

Kipupwe hakuuliza bei ya kufuliwa. Alitazama. Aliona pasi za mvuke zikipumua, aliona wanawake wakitiririka jasho, na aliona feni moja tu, nayo imegeuzwa imwelekee mtu mmoja aliyekaa nyuma ya kaunta. Kwa jicho lako na langu, hilo lilikuwa duka la dobi. Kwa jicho la Kipupwe lilikuwa shamba lililoiva, na mwenye shamba kalala.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba. Nguo ziko wapi?"

"Sikuleta nguo. Nimeleta baridi."

Mwenye duka, ambaye wafanyakazi wote walimwita Tajiri kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, aliitazama ile chupa. "Unauza barafu?"

"Barafu ni mambo ya zamani. Inayeyuka, inalowesha shati, inaleta mafua. Hebu inamisha shingo kidogo, tajiri wangu. Shingo inayobeba mawazo ya watu wote hawa lazima inawaka moto."

Bado haijazaliwa shingo ya mwenye mali isiyoinama ikiambiwa hivyo. Kipupwe akafungua chupa ya chai, ambayo yeye aliiita chaja, akachomoa kifaa: mpini mweupe wa plastiki, na kichwani tufe la chuma linalong'aa, ukubwa wa yai la bata. Akabonyeza swichi. Taa ya buluu ikawaka, tufe likaanza kutetema na kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Akalipitisha nyuma ya shingo ya Tajiri.

Tajiri alifumba macho. Mdomo ukabaki wazi, na kwa muda alifanana na mtoto mchanga mwenye masharubu.

"Kinaitwa Kipoza," Kipupwe alimnong'oneza. "Hakina barafu, hakina maji, hakina dawa. Ni sayansi tupu."

Na kwa haki ya Mungu, kifaa hakikuwa na barafu. Barafu ilikuwa kwenye chupa. Kila asubuhi Kipupwe aliinunua kwa muuza samaki, akaiponda, akaifunga kwenye kitambaa ili isigongane ikamwaibisha. Vipoza alivyouza vilikuwa na mpini, taa na tufe, lakini ndani havikuwa na mota wala chochote, isipokuwa kokoto ya kuvipa uzito. Mnunuzi aliagizwa akiache kwanza siku mbili tatu kizoee hewa ya nyumba, na siku hizo zikiisha Kipupwe alikuwa ameshazoea hewa ya mtaa mwingine. Sheria yake ilikuwa moja: mtaa ukishauuzia, hukanyagi tena.

"Nitavitaka vingi," Tajiri alisema, akijipangusa shingo. "Hawa wangu kila siku wanalia joto. Anayetaka kupozwa, apozwe. Nitamkata kidogo kwenye mshahara."

Kuwauzia baridi watu uliowanyima feni. Kipupwe alihisi kitu kikimkwaruza rohoni, akadhani ni njaa.

"Lakini kwanza nitakijaribu kwa Mama Pasi," Tajiri aliendelea, kwa sauti ya kusikika. "Bega lake limegoma. Wiki hii nina mashuka ya hoteli. Kesho asipoweza kuinua pasi kwa mkono wa kulia, akapumzike kwake. Apumzike moja kwa moja."

Mama Pasi, mzee kuliko wote pale ndani, hakugeuka. Aliendelea kupiga pasi kola ya shati kwa mkono wa kushoto, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

Kesho yake Kipupwe alirudi na katoni. Sasa, duka lile lilikuwa na desturi yake. Chupa zote za chai ziliwekwa kwenye rafu moja kando ya mlango wa nyuma, na mwenye zamu ya chai alizijaza zote bila kuuliza ipi ya nani, kwa maana aliyetoka kwao na chupa hakuibeba kwa urembo. Kipupwe, akiwa anapanga vipoza vyake juu ya kaunta na kuvisifia kimoja kimoja kama mabinti wa kuozwa, aliitua chupa yake pale rafuni. Na zamu ilikuwa ya Mama Pasi.

Ilipofika saa ya kuonyesha, alichomeka Kipoza kwenye chaja bila kutazama, macho yote kwa Tajiri. Mvuke ulitoka chupani, lakini katika duka la dobi mvuke haushangazi mtu. Akakichomoa, akabonyeza swichi, akakiweka shingoni.

"Kinaunguza," Tajiri alisema, akiruka kitini.

Kipupwe aligusa tufe. Lilikuwa la moto, na lilinukia tangawizi. Akili yake ikapiga mbio kuliko miguu yake ilivyowahi kupiga.

"Hilo si joto la kifaa, tajiri. Hilo ni joto lako. Jana tulipoza la juu, leo kinavuta la ndani. Angekuwa mtu asiye na majukumu, asingehisi kitu."

Tajiri alikaa tena. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wasio na majukumu. "Ni kali kidogo," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Majukumu yako ni mengi."

Halafu ikawa zamu ya Mama Pasi. Kipupwe alikusudia mapito mawili ya kuonekana tu, biashara iishe. Lakini tufe lile la moto lilipoanza kutetema kwenye kiungo cha bega, mama yule alishusha pumzi ndefu, kama shuka linapokung'utwa, na mkono wa Kipupwe ukaendelea wenyewe. Ulizunguka bega, ukashuka mgongoni, ukarudi. Alichovya tena kwenye chai, akaendelea. Hata yeye hakujua anamfanyia nani maonyesho sasa, maana Tajiri alikuwa ameshaanza kupiga miayo.

Mama Pasi alisimama. Akashika ile pasi nzito kwa mkono wa kulia, akaiinua hadi mabegani mwa koti lililotundikwa, akaishusha.

"Mwanangu," alisema, "hiki kitu kinafanya kazi."

Katika miaka yake yote ya biashara, Kipupwe hakuwahi kusikia sentensi hiyo. Maoni ya wateja wake kwa kawaida yalimfikia kwa nyuma, yakiwa mbioni.

"Ila mimi sitaki cha kwenye katoni. Nimevisikia vikibebwa, vinalia kama njuga. Niletee kimoja kinachotetema hivi hivi. Ijumaa. Najua bega hili, litagoma tena."

"Nitakuletea, mama."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Ahadi ilimtoka mdomoni kirahisi, kama zote zilizoitangulia. Nyingine zilikuwa zikiruka na kwenda zake. Hii ilimkalia begani.

Tajiri hakuwa na shaka tena, alikuwa na shida ya kutoa tu. "Pesa yangu iko kwenye mzunguko," alisema. "Lakini nina kitu bora kuliko pesa." Akamvuta nyuma ya mashuka, akamwonyesha suti ya kijivu kwenye hanga, ya sufu laini, mikunjo ya suruali ikikata kama wembe. "Mwenyewe alihama. Harudi huyo."

Kipupwe alipapasa kitambaa, na maisha yake ya baadaye yakamjia mbele ya macho. Muuzaji mwenye begi huulizwa risiti. Muuzaji mwenye suti huulizwa kama angependa kahawa. Akaivaa palepale, na suruali yake kuukuu akaitupa jalalani kwa dharau.

Ndivyo biashara ilivyofungwa. Mmoja alitoa mali isiyofanya kazi, mwingine akatoa mali isiyo yake, wakashikana mikono kwa muda mrefu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Ijumaa mchana suti ilimfikisha Kipupwe hadi ofisini kwa meneja wa bima. Chupa ilikuwa na barafu mpya, na kazi ilikwenda kama maji ya mteremko. Walielewana upesi, labda kwa sababu wote wawili waliuza kitu ambacho ubora wake hujulikana muuzaji akishaondoka.

"Kila mfanyakazi wangu atapata kimoja," meneja alisema, akijinyoosha shingo iliyopozwa. "Kaa hapa, mhasibu anakuandikia hundi. Mimi natoka kidogo. Suti yako nzuri, lakini. Ninayo kama hiyo."

"Fundi wangu ni mmoja tu mjini."

"Yangu iko kwa dobi. Ndiyo naifuata sasa hivi, kesho namwoza binti yangu. Siipeleki popote isipokuwa kwa yule mama wa pale kona. Hata kifungo cha mkono wa kushoto kilipokatika, alikishona mwenyewe kwa uzi wa buluu, mweusi ulikuwa umemwishia. Sikumlaumu."

Kipupwe aliushusha mkono wake wa kushoto chini ya meza, taratibu.

"Na siku ikipotea?"

"Haipotei. Tajiri wao ana sheria. Nguo ikipotea, aliyeipiga pasi ndiye anayefungasha." Meneja alichukua funguo za gari. "Mbona umebadilika rangi? Kunywa kahawa yako."

Mlango ulipofungwa, Kipupwe alibaki na kikombe. Chumba cha pili alisikia mhasibu akifungua droo. Hundi kubwa kuliko zote alizowahi kuota ilikuwa inakuja kwa miguu yake yenyewe. Alijiambia kwamba mabega yako mengi duniani. Alijiambia kwamba sheria ni sheria, mtaa haurudiwi. Alijiambia mambo mengi ya busara, na alikuwa bado anajiambia alipojikuta ameshafika kwenye ngazi.

"Bwana, hundi yako," mhasibu aliita.

"Kuna mtu nimemwahidi."

"Si umpigie simu?"

"Si ahadi ya simu hiyo."

Gari la meneja lilikwama kwenye taa za barabarani. Kipupwe alikata vichochoro, begi likimpiga mgongoni, chupa kwapani, akiruka mitaro kwa suti ya mtu.

Alipoingia dukani, Tajiri alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, na Mama Pasi alikuwa anafungua aproni yake.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Meneja kapiga simu, yuko njiani. Suti yake nani aliipiga pasi?"

"Mimi."

"Iko wapi?"

"Niliiacha kwenye hanga, tajiri. Sijui."

"Basi sheria unaijua."

"Iko hapa," alisema Kipupwe, akihema. Wanawake wote wakageuka. "Tajiri alinipa niitembeze kidogo, ipate hewa. Sivyo, tajiri?"

Tajiri alipiga hesabu haraka. Akikataa, itabidi aeleze katoni iliyo chini ya kaunta aliilipia kwa kitu gani. Alitazama nyuso zote zile, na zote zilikuwa zinasubiri.

"Ipate hewa," alisema mwishowe. "Ndiyo."

"Vua," Mama Pasi alimwambia Kipupwe, akifunga tena aproni. "Umeikunja mgongoni."

Meneja alipofika aliikuta suti yake imetundikwa, ya moto bado kutoka kwenye pasi, uzi wa buluu mahali pake. Kando yake aliona mtu amejifunga kitambaa cha meza cha hoteli, amekumbatia chupa ya chai ya rangi ya fedha. Alitazama suti. Alitazama kitambaa cha meza. Kazi yake ilikuwa kuchunguza madai ya watu, kwa hiyo hakuhitaji muda mrefu.

"Nadhani nimpigie simu mhasibu," alisema.

"Ni vyema, mheshimiwa," Kipupwe alijibu kwa huzuni ya kweli.

Meneja akaondoka na suti yake. Nyuma ya kaunta, Tajiri alichukua Kipoza kimoja, akakitikisa karibu na sikio, akasikiliza kokoto. Akatikisa cha pili. Hakuwa na wa kumlalamikia.

Mama Pasi alikuwa ameurudia mkono wake wa kushoto. "Haya. Na kile changu?"

Kipupwe alifungua begi. Kipoza chenye mota kilikuwa kimoja tu duniani, chake cha maonyesho. Bila hicho hakuna maonyesho, bila maonyesho hakuna biashara, na bila biashara hata suruali ya kutokea pale hakuwa nayo. Alikishika kitambo, kama mtu anayeagana na jino. Kisha akakiweka kiganjani mwa yule mama. Akafikiri kidogo, akampa na chupa.

"Usitie barafu humu, mama. Tia chai ya moto."

"Najua. Juzi si niliimwaga kwa mikono hii."

"Uliiona? Na hukusema?"

"Nikwambie nini? Ulishaniahidi Ijumaa. Nikasema, ngoja niione hiyo Ijumaa." Alikwenda rafuni, akamwaga barafu, akaijaza chupa chai, akachomeka tufe ndani, akavuta kiti. Akaketi, akampa mgongo. "Basi njoo. Mkono wangu haufiki huku nyuma."

Kipupwe alikaza fundo la kitambaa cha meza, akakichukua kifaa, akabonyeza swichi.